Mbina husubiri mavuno, mavuno husubiri mvua

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam Krismasi ni lini, anakutajia tarehe. Ukimuuliza mzee wa Tinde au Usanda, mkoani Shinyanga, ngoma kubwa za mwaka huu ni lini, anakujibu kwa swali: "Kwani mmesikia tumeshavuna?" Hivyo ndivyo baba mkubwa alivyonijibu kwa simu nilipotaka kujua tuje lini na watoto. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, tiketi za basi zinataka kukatwa mapema, nami nilitaka siku na tarehe. Yeye hakuwa nazo. "Pamba bado iko shambani, mtama ndio tumeanza kukata. Nyie njooni tu mwanangu, mtaikuta."

Nimeizunguka nchi hii kiasi, na sijaona sehemu nyingine ambako sherehe imefungwa na hali ya hewa kwa kamba fupi namna hii. Mwaka wa Msukuma una vipande viwili. Kuna kipande cha jembe, kinachoanza mvua za kwanza zinapolowesha ardhi, Novemba hivi, hadi Aprili au Mei. Halafu kuna kipande cha mbina, yaani ngoma, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati vihenge vimejaa, pamba imeshapita kwenye mizani, na vijana wana hela kidogo mfukoni na muda wa kukesha. Hata baadhi ya ngoma zimetoka shambani moja kwa moja. Bugobogobo, ile ya majembe ambayo wengi wetu tumeiona kwenye sherehe za kitaifa, ni mdundo wa kulimia. Kundi la vijana, chini ya kiongozi wao anayeitwa nsumba ntale, linaingia shamba la mtu, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na ekari inamalizika kabla jua halijawa kali. Baada ya mavuno majembe yale yale yanarudi mikononi, safari hii yanarushwa juu na kudakwa, watu wanashangilia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Ukishapita Nzega unaanza kuona ile nchi tambarare yenye vilima vya mawe yaliyopandana kama vile mtu aliyapanga akaondoka, na majaruba ya mpunga yaliyobaki mabua tu. Juni ni mwezi wa rangi ya njano. Upepo ni mkavu, usiku una baridi ambayo watu wa Pwani hawaitegemei. Bebeni masweta ya watoto. Tulifika jioni, tukasalimia kwa "Ng'wadila" yetu ya kubahatisha, wenyeji wakacheka na kutupokea. Kabla ya ugali tuliletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani. Kijana wangu wa darasa la tatu alitafuna kimoja kwa mashaka, halafu hakuacha sahani mpaka iliposhikwa na binamu zake.

Mbina yenyewe tuliikuta siku ya tatu, kwenye uwanja ulio nyuma ya magulio ya kijiji. Kama hujawahi kuiona mbina ya mashindano, sahau habari ya jukwaa na majaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Basi. Umati ndio jaji. Upande wa kushoto wakitoa kituko, watu wanakimbilia huko. Upande wa kulia wanajibu kwa kituko kikubwa zaidi, watu wanageuka kama kundi la ng'ombe lililosikia maji. Ushindani huu una zaidi ya miaka 100. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 walikuwapo wachezaji wawili ambao pia walikuwa waganga, Ngika na Gumha, wakabishana nani mkali. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo mtu anazaliwa au anaingizwa upande mmoja, kama Simba na Yanga, isipokuwa hapa kuna dawa. Dawa ya kuvuta watazamaji inaitwa samba, na hakuna kundi linalojiheshimu litakalokiri kwamba linacheza bila hiyo. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaoleta nungunungu, na kuna wakati hata fisi wameletwa uwanjani.

Siku ile palikuwa na chatu mmoja, tena mchovu. Watu hawakuwa wengi. Baba mkubwa alisimama na fimbo yake, akaangalia uwanja kwa jicho la mtu anayepima shamba.

"Wamejitahidi," akasema. "Lakini hii ni mbina ya njaa."

Nikamuuliza maana yake. Akanieleza kwamba mvua za kwanza zilikuja, watu wakapanda, kisha zikakaa kimya wiki tatu, mahindi yakakauka yakiwa na kimo cha goti. Wenye mbegu ya akiba wakapanda tena. Mvua iliporudi ikaja kwa hasira, ikachukua tuta la jaruba lake moja. Mtama ndio uliobaki. Mtu aliyevuna magunia matatu badala ya kumi hawezi kulisha kundi la wachezaji 40 kutoka kijiji jirani, na kundi lisilolishwa haliji mara ya pili. Kwa hiyo mashindano makubwa yalisogezwa hadi baada ya Sabasaba, pamba ikiuzwa, Mungu akipenda.

Wataalamu wa hali ya hewa wanasema kwa lugha yao kile ambacho wazee hawa wanakisema kwa lugha ya vihenge. Shinyanga ni nchi kame kiasi. Hupata kama milimita 600 hadi 900 za mvua kwa mwaka, na hata zamani kulikuwa na kikavu cha Januari au Februari katikati ya msimu. Kinachowasumbua wakulima sasa ni mpangilio: mwanzo usiotabirika, mapengo marefu, kisha maji mengi kwa siku chache. Jumla ya mwaka inaweza kuonekana nzuri kwenye karatasi, na kihenge kikawa kitupu.

Msomaji anaweza kusema: basi wachague tarehe, kama wenzao. Tarehe zipo. Serikali iliwapa wakulima Sabasaba, kisha Nanenane, na vijijini siku hizo zimebebwa na mbina kwa furaha kabisa. Kanisa nalo lina tarehe yake, na hiyo inastahili safari peke yake.

Huko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza ukielekea Musoma, kuna kilima cha Bujora. Padri David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada, aliyepewa na Wasukuma jina la Fumbuka, alifika hapo miaka ya 1950 na akafanya jambo ambalo wamisionari wengi wa kabla yake waliliona haramu: aliwaalika Bagika na Bagalu waje kuchezea kanisani kwake. Alijenga kanisa la duara lenye sura ya nyumba ya mtemi, na kwenye kilima hicho hicho ikazaliwa Makumbusho ya Wasukuma, iliyofunguliwa 1968, yenye ngoma na vifaa vya watemi. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa Kisukuma inaitwa Bulabo, yaani maua, ikawa ndiyo mwanzo wa msimu wa ngoma. Asubuhi maandamano na maua, mchana mbina, na mashindano yanaendelea kwa siku kadhaa. Wapelekeni watoto. Waende makumbusho kwanza, wakiwa bado hawajachoka, halafu ngoma.

Lakini angalia tarehe za Bulabo. Sikukuu ya Ekaristi hufuata Pasaka kwa siku 60, na Pasaka hufuata mwezi wa angani. Mwaka 2024 ilikuwa Mei 30. Mwaka 2025 ikawa Juni 19. Mwaka 2026 ni Juni 4. Inahama kwa wiki tatu, na haijui kabisa kama mtama umekauka au bado. Zamani tofauti hiyo haikuwa na shida kubwa, maana kufikia Juni, mapema au mwishoni, mavuno yalikuwa ndani. Msimu unapochelewa kwa mwezi mzima, ngoma ya mavuno inachezwa na watu ambao asubuhi yake walikuwa bado wanavuna.

Wenzetu Ulaya wana kisa kinachofanana. Kila mwaka mwezi Juni maelfu ya watu hukusanyika kwenye mawe ya Stonehenge, Uingereza, kuliona jua likichomoza siku ndefu kuliko zote. Wengi wao hujiita wapagani na wanajaribu kufufua sikukuu za majira ya mababu zao. Jua halijawahi kuwaangusha. Linatokea pale pale, siku ile ile. Ila sikukuu zao nyingine zinahusu maua ya kwanza, kondoo kuzaa, mavuno ya ngano, na maua siku hizi huchanua kabla ya tarehe ya kuyasherehekea. Sisi nasi tuna kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa Bara na Pwani wamekitazama kwa vizazi. Novemba jioni, giza likianza kuingia, kilimia kinapanda upande wa mashariki, na mkulima anajua jembe litafutwe. Kilimia bado kinapanda Novemba. Kinachokosekana ni mvua iliyokuwa ikifuatana nacho.

Neno hilo "mpagani" lina maisha yake hapa Usukuma. Mtu wa mjini akilisikia anadhani ni tusi. Huku utakutana na bibi anakwambia bila kupepesa, "Mimi ni mpagani, wanangu ni Wakatoliki, mkwe wangu ni Msabato," kama anavyotaja ukoo. Wamisionari ndio waliolileta, kwa maana ya mtu asiyebatizwa, na watu wakalichukua kama jina tu la wale wanaowakumbuka wahenga wao. Kwa Kilatini cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya mtu wa kijijini, mtu wa shamba. Kwa hiyo bibi yule yuko sahihi kuliko kamusi.

Na dini hiyo ya shamba ilikuwa na kazi moja kubwa, mvua. Kabla ya watemi kuondolewa kisheria mapema miaka ya 1960, baada tu ya Uhuru, mtemi wa Kisukuma hakuwa mtawala tu. Alibeba dhamana ya mvua. Kabla ya kupanda, mbegu na dawa vilipitia kwake na kwa wataalamu wake wa mvua, ndipo watu wakaenda mashambani. Afisa wa kikoloni Hans Cory aliandika kitabu kizima kuhusu miiko na taratibu za mtemi, kilichochapishwa 1951. Jambo linalonigusa mimi ni upande wa pili wa dhamana hiyo. Mvua ikikataa miaka kadhaa mfululizo, mtemi angeweza kufukuzwa. Lawama ilipanda juu, ikamfika mwenye madaraka.

Nadhani hapo ndipo penye jambo zito kuliko swali la tarehe ya ngoma. Ukame unataka mtu wa kulaumiwa. Mtemi hayupo, lawama inatafuta njia nyingine, na mara nyingi imeshuka badala ya kupanda. Mchumi wa Marekani Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, sasa iko Simiyu. Katika utafiti aliouchapisha 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya mvua kupungua mno au kuzidi mno, mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida, huku mauaji mengine yakiwa hayaongezeki. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na mara nyingi waliowageukia walikuwa ndugu zao wenyewe, katika kaya maskini ambako chakula kimekwisha.

Imani za kuwatambua wachawi kwa macho mekundu zilitosha kummaliza mtu. Macho hayo yana sababu ambayo kila mwanamke wa huku anaijua. Miti ikiisha, unapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake unachoma macho miaka 40. Kwa hiyo mwanamke aliyeteseka kwa kukosa kuni ndiye huyo huyo akatuhumiwa kuzuia mvua. Mauaji hayo yalianza zamani, hata wakati wa watemi tuhuma zilikuwapo. Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa peponi. Lakini tusizungumzie mvua iliyobadilika kana kwamba ni habari ya wataalamu na makongamano tu. Huku inaweza kuwa habari ya bibi wa mtu.

Na mvua iliyozidi nayo ina kaburi lake. Mwanzoni mwa Machi 2015, usiku, kijiji cha Mwakata wilayani Kahama kilipigwa na mvua ya mawe. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi kwa kuangukiwa na kuta za nyumba zao za udongo. Mtu yeyote wa ukanda huu mwenye umri wa kukumbuka atakueleza alikuwa wapi alipopata habari hiyo. Baba mkubwa alikuwa gulioni Tinde. Anasema watu waliacha bidhaa zikiwa chini.

Siku ya tano alitupeleka kuona kitu ambacho anajivunia kuliko ng'ombe wake. Tulitembea kama saa nzima, watoto wakilalamika, mpaka tukafika kwenye uzio wa miiba wa migunga na nyasi zinazomfikia mtu kiunoni, zikiwa zimekauka zikasimama kama ngano. "Hii ni ngitili yangu," akasema, akatuzuia tusiingie na njiti ya kiberiti hata mfukoni.

Ngitili ni akiba ya malisho. Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani: mvua zinapoanza unafunga kipande cha ardhi, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti vinakua, kiangazi kikikomaa, Julai au Agosti, unafungua kidogo kidogo. Ni kalenda nyingine, ya kimya, isiyo na ngoma. Iliharibika vibaya. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikala ardhi, kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu na kuwaacha mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere alipoiona Shinyanga ya miaka ya 1980 aliiita jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni uligawa miche, kama miradi yote. Baadaye ukawa na busara ya kuwauliza wazee wao walikuwa wanafanyaje. Zilikuwapo hekta 600 hivi za ngitili wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, nyingine za kaya na nyingine za kijiji kizima. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wachumi waliokokotoa faida ya kuni, asali, dawa, malisho na nguzo walipata kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, pesa ambayo kijijini si mzaha.

Aliyesimamia sheria si bwana miti wa wilaya. Ni mkutano wa kijiji, dagashida, na sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Ukichunga ngitili ya mtu kabla ya wakati, unalipa. Ukiichoma, jirani hawakusalimii mpaka ulipe zaidi. Nilimuuliza baba mkubwa kama kuna sherehe siku ya kufungua ngitili. Akanitazama kama nimeuliza kama kuna sherehe ya kufungua mlango.

"Ng'ombe wanaingia, wanakula. Sherehe gani tena?"

Lakini asubuhi iliyofuata nilimwona mama mkubwa akirudi kutoka huko na mzigo wa kuni kavu kichwani, kuni zilizookotwa, si za kukata, na jikoni kwake moshi ulikuwa mwepesi. Macho yake ni meupe.

Miezi minne baadaye, Oktoba, kazi ilinipeleka upande wa pili, Geita. Kutoka Mwanza siku hizi unavuka ghuba ya ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Dakika chache tu, pale ambapo zamani ulipanga foleni ya kivuko na kula samaki wawili ukisubiri. Ukitokea Shinyanga unaweza kupita Kahama na Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu. Hapo nchi inabadilika. Vilima vinakuwa vya kijani zaidi, udongo unakuwa mwekundu, na vijana wanakuwa wengi kuliko wazee.

Dhahabu haina msimu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Shinyanga ya mtama na Geita ya duara. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unafanya kazi usiku na mchana, Krismasi na Idi. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa nao wanashuka duarani wakati wowote kuna mawe yanayosoma vizuri. Mkulima anavuna pamoja na jirani yake, wiki moja, kwa hiyo wanaweza kucheza pamoja. Mchimbaji anapata leo, mwenzake anakosa, keshokutwa ni kinyume chake. Sherehe yake ni ya mtu mmoja na rafiki zake, kwenye baa, mpaka pesa iishe. Nimeona vijana wa Kisukuma kabisa, watoto wa wachezaji wa mbina, ambao hawajacheza tangu waje huku. Si kwamba wamekatazwa. Hakuna siku ambayo wote wana nafasi na wote wana kitu.

Bahati isiyo na kalenda inatafuta waganga wa namna nyingine. Kuanzia 2007 taifa zima liliaibika kwa mauaji ya watu wenye ualbino katika kanda hii ya ziwa, yaliyochochewa na watu walioaminishwa kwamba viungo vya binadamu vitawapa dhahabu au samaki. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasio na leseni. Kati ya mganga wa mvua aliyefanya kazi yake mbele ya kijiji kizima na yule anayemnong'oneza mchimbaji gizani kuna umbali mkubwa, na nadhani tunakosea tunapowaweka wote kwenye kapu moja la "mila potofu".

Duara lina njaa ya miti. Kuta za shimo hushikiliwa kwa matimba, magogo yanayopangwa ndani mita baada ya mita, na magogo hayo yanatoka kwenye misitu ya miombo ya Geita, Bukombe na kwingine. Na kwa mchimbaji mvua si baraka kama ilivyo kwa mkulima. Januari 2017, mvua ikinyesha, mgodi mmoja wa Nyarugusu uliporomoka na kufunika watu 15. Wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa, na wakati huo redio zote zilikuwa zimeelekezwa huko. Januari 2024, Ng'alita, Bariadi, haikuwa hivyo. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, shimo likaanguka, wakafa 22. Hapo unaelewa jambo la ajabu kuhusu ukanda huu: katika familia moja, baba yuko Shinyanga anaomba mvua, na kijana wake yuko duarani Geita anaomba isinyeshe.

Hata hivyo Geita nayo imejitengenezea sikukuu. Tangu 2018, kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, mji unafanya maonesho ya teknolojia ya madini. Kuna mahema ya benki, kuna makarasha yanayosaga mawe kwa kelele isiyovumilika, kuna watu wanaofundisha kuchenjua dhahabu bila zebaki, kuna mishikaki na bembea za watoto. Nilipita nikitegemea kuchoka baada ya nusu saa. Katikati ya uwanja, kati ya hema la mitambo na lile la vinywaji, nikasikia ngoma.

Lilikuwa kundi la bugobogobo lililoalikwa kutoka upande wa Msalala. Majembe mkononi, ngoma kubwa zimeegemezwa, kiongozi na filimbi yake. Wafanyabiashara wa karasha wakazima injini, kwanza mmoja, halafu wa pili. Vijana wa duarani, wenye vumbi jeupe hadi kwenye kope, walianza kusogea, wakaacha mahema, wakazunguka duara pana. Jembe moja lilirushwa juu sana, likageuka mara mbili, likadakwa kwa mpini. Kijana mmoja aliyesimama karibu nami, kofia ya mgodi kichwani, aliingia ndani bila kualikwa na kuanza kucheza, vizuri kuliko baadhi ya wenyewe.

Walipomaliza nilimwendea kiongozi, nikamsalimia, nikamuuliza kama kesho watacheza tena maana ratiba ilionyesha siku mbili. Alikuwa anafunga majembe kwa kamba ya katani.

"Hapana, dada. Kesho hatupo. Nyumbani wamepiga simu, jana jioni imepiga radi upande wa Kahama, na mashamba yetu hayajatifuliwa. Tunaondoka na gari la usiku."